Ukitaka Uzuri, Si Lazima Udhurike

Wanawake wa Pwani tumefundwa kwa methali moja tangu uwali wetu: ukitaka uzuri sharti udhurike. Tuliambiwa hivyo tulipotobolewa masikio, tukaambiwa tena tulipolia mikononi mwa msusi, na leo, tukiwa na miaka 45 au 50 na watoto waliotupita kimo, bado tunaambiwa, safari hii kwa ajili ya viatu. Keti kwenye kikao chochote cha shughuli, Kibaha au Kisarawe. Sare imeshakubaliwa, rangi ya kilemba imeshapitishwa, kisha mmoja wetu anasema yeye atavaa viatu vya chini. Anajibiwa papo hapo: "Mama Fulani, ndiyo umeshajichokea hivyo?"

Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni ya uongo, na inatuvunja miguu. Ina sura mbili. Ya kwanza husema waziwazi kwamba kiatu cha chini hakina mtoko. Ya pili hujitia huruma: "Vaa zako simpo, dada, umri umeenda." Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana inaifanya starehe ya miguu kuwa kiinua mgongo cha mwanamke aliyestaafu urembo. Zote mbili zinatwambia jambo moja, kwamba anayefika makamo hana budi kuchagua: apendeze au astarehe.

Nenda ukaangalie shughuli zenyewe. Kibaha tuna kumbi nzuri zenye vigae, lakini kati ya barabara ya Morogoro na mlango wa ukumbi kuna changarawe, mtaro, mchanga na bodaboda. Kisarawe ndiyo zaidi. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima vya Pugu, na ukiuacha kuelekea Masaki, Mzenga au Maneromango, shughuli inafanyika uwanjani, chini ya turubai, juu ya mchanga mwepesi usiobeba kisigino chembamba. Kwa hiyo wanawake wanakuja na ndala, mchuchumio uko ndani ya mfuko. Karibu na lango wanabadilisha, mmoja amemshika mwenzake bega. Wanaingia, wanapigwa picha, wanakaa. Mshereheshaji akishafungua muziki, viatu vinaingia chini ya meza na watu wanaserebuka peku mpaka usiku.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Saa ambayo mwanamke anatazamwa na ukumbi mzima, saa ya kumtunza bibi harusi, saa ambayo uzuri wake uko kileleni, kiatu kirefu hakipo mguuni. Kilivaliwa kwa mlango na kwa picha. Wale wale wanaosema hakuna mtoko bila mchuchumio wanaikana kauli yao wenyewe kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mama fulani alipoteza hadhi kwa kucheza peku.

Wala si ajabu. Uzuri wa miguu katika pwani hii haujawahi kutegemea kuinuliwa kisigino. Tuliupamba mguu wenyewe: hina na piko kwenye nyayo na vidole, furungu la fedha kwenye kifundo. Viatu tuliviacha mlangoni, kwa hiyo kilichotakiwa kupendeza ni mguu. Mwali wa Kizaramo anapotolewa nje, mbele ya wazazi, ndugu na majirani, anabebwa mabegani, hainuliwi na kisigino, na siku hiyo hakuna aliyependeza kumshinda. Makubazi ya ngozi yamevaliwa mwambao wote huu na watu wenye cheo na wasio nacho. Kiatu cha kuinua tulikuwa nacho pia, mtalawanda wa mti, lakini ule ulikuwa na kazi yake ya kueleweka: kuutoa mguu kwenye maji ya uani na bafuni. Kazi ikiisha, unavuliwa.

Kisigino kirefu kina asili yake nyingine. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko, mtu aweze kusimama juu ya farasi na kulenga mshale. Wanaume wa Ulaya wakakiona, wakakichukua karne ya 17, na Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akakipaka rangi nyekundu kiwe alama ya watu wa ikulu yake. Baadaye wanaume wakakiacha, kikabaki kwa wanawake. Kiatu cha mwanajeshi aliyepanda farasi ndicho tunachokipandisha leo kilima cha Kisarawe kwa miguu, huku tukiaminishwa kwamba ndicho kipimo cha uanamke.

Sasa nije kwenye mwili, maana hapa ndipo imani hii inapofanya madhara ya kweli. Mguu mmoja una mifupa 26. Chini ya kisigino kuna tabaka la mafuta linalopokea kishindo cha kila hatua, na miaka ikisogea tabaka hilo hupungua. Upinde wa unyayo hushuka, mguu hupanuka na kurefuka. Mimba nazo hulegeza kano, na mwanamke anaweza kumaliza uzazi akiwa na mguu mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ya ndoa yake. Wengi hatupimi tena. Tulikuwa namba 38 tulipoolewa, tunaendelea kununua 38, ilhali mguu umeshaingia 40. Ukiuingiza mguu huo kwenye kiatu kirefu chenye ncha, uzito wa mwili unahama kutoka kisiginoni na kuja kukandamiza vidole. Kidole gumba kinalazimika kuwaegemea wenzake, na miaka ikipita fundo linatokeza kando yake. Fundo hilo likishatokeza halirudi kwa kusugua mafuta.

Kuna jambo la pili, na naomba lisikilizwe kwa makini, kwa sababu ndilo ambalo watetezi wa mchuchumio hulitumia kama ushahidi wao mkubwa. Wanawake wengi wa makamo husema, na wanasema kweli, kwamba wakivaa viatu vya chini kabisa wanaumwa. Maumivu yanaanzia kisiginoni, yanapanda nyuma ya mguu. Basi wanahitimisha: "Mimi miguu yangu ni ya viatu virefu." Hitimisho hilo limegeuza kisa juu chini. Mtu aliyevaa kisigino kirefu kutwa kwa miaka, misuli ya shavu la mguu wake imefupika na kano inayoiunganisha na kisigino imekakamaa. Siku akishuka ghafla, kano hiyo inavutwa kuliko ilivyozoea, na lazima iume. Kiatu kirefu ndicho kilichomfunga, halafu kinasifiwa kwa kumwondolea maumivu. Dawa yake ni kushuka taratibu: kisigino cha sentimita tano, baadaye cha tatu, baadaye cha mbili, na kila siku kunyoosha misuli hiyo kwa kuegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa sakafu. Ni kazi ya miezi. Anayejaribu simpo Jumatatu na kuziacha Jumatano hajavitendea haki viatu vya chini.

Na kwa wenye kisukari, ambao katika rika letu ni wengi, suala hili si la urembo tena. Sukari ikishapunguza hisia za miguu, kiatu kinachobana kinamchubua mtu bila yeye kujua, na mchubuko mdogo unaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuwafundisha wenzake jambo hili, na mradi wa kufunza utunzaji wa mguu wa kisukari alioshiriki kuuanzisha Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000 umefuatwa na nchi nyingine. Mwanamke kama huyo ukimwambia "vumilia, ni saa mbili tu," unamwambia neno la hatari.

Lakini sitaki kuwaachia wauza viatu vya chini watoke bila kuulizwa. Wanaosema simpo zinaumiza wana hoja kuhusu simpo zinazouzwa. Zimejaa sokoni viatu vya plastiki vyenye soli nyembamba unayoweza kuikunja mara mbili kwa mkono mmoja, havina kitu kinachoshika kisigino wala kinachobeba upinde wa unyayo. Ukitembea navyo pale Maili Moja, Kibaha, unahisi kila kokoto. Hivyo ni vya chini, ni kweli, lakini kuwa chini peke yake hakujawahi kumstarehesha mtu. Mguu wa makamo unataka soli yenye unene, kisigino kidogo cha sentimita mbili au tatu, nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole, na kiatu kinachokunjika pale vidole vinapokunjika badala ya kukatika katikati. Nenda kanunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi za siku, na kijaribu umesimama. Ukinunua mtumba, tazama ndani: mwenye kiatu wa kwanza ameacha umbo la unyayo wake, na kama limezama sana upande mmoja, kitakupeleka upande huo huo. Kiache hata kama ni cha ngozi safi.

Na mtoko? Huko ndiko ninakosimama bila kutetereka. Pwani hii imemsifu mwanamke kwa mwendo kabla ya kumsifu kwa mavazi, na mwendo hautoki kwenye kiatu kinachokulazimisha kutafuta ukuta wa kushika. Mwanamke wa miaka 50 aliyevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, na makubazi ya ngozi yenye shanga au kiatu cha chini chenye ukanda wa kifundoni, akiingia kwa hatua ndefu, bega limetulia, uso haujakunjika kwa maumivu, atamfunika aliye juu ya kisigino anayehesabu vigae. Nimeshuhudia hivyo mara nyingi kiasi kwamba sioni haja ya kubishana.

Kinachowaharibia wengi ni mshono. Gauni limepimwa kwa fundi mtu akiwa juu ya mchuchumio, kisha siku ya shughuli anavaa viatu vya chini, pindo linaburuza, kiuno kimeshuka mahali pake, na lawama zinaangukia kiatu. Mwendee fundi cherehani ukiwa umevaa kiatu utakachokivaa, akate pindo kwa kimo hicho. Dera halikadhalika, liishie juu kidogo ya mguu ili ukanda wa ndala au makubazi uonekane. Jambo dogo hili linabadilisha umbo zima.

Kazini nako tunavumilia bila sababu. Chukua eneo la Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, pamoja na hospitali ya Tumbi iliyo hapo hapo. Mwalimu anasimama juu ya saruji vipindi mfululizo, muuguzi anazunguka wodi usiku kucha. Watu hawa wanahitaji viatu vinavyowabeba, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kushindwa hesabu kwa sababu mwalimu wake alikuwa mfupi kwa sentimita saba. Vita hii si yetu peke yetu. Mwaka 2016 Nicola Thorp, mpokea wageni wa London, alieleza hadharani jinsi alivyorudishwa nyumbani kwa kukataa kuvaa viatu virefu. Watu zaidi ya 150,000 walitia saini ombi lake la kupinga sharti hilo na suala likajadiliwa bungeni Uingereza. Mwaka 2019 Yumi Ishikawa aliongoza wanawake wa Japani kudai hilo hilo. Wenzetu walikuwa wanapinga waajiri. Sisi wengi hatujaandikiwa amri na mtu yeyote. Tunaamrishana wenyewe, kwenye kamati.

Na tunavaa plastiki katika nchi ya ng'ombe, jambo linaloniuma. Barabara hii ya Morogoro ndiyo inayokwenda hadi mji wa Morogoro, uliojengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikufika hata sehemu ya kumi ya lengo, kikafa. Kilipangwa kwa ajili ya miguu ya watu wa mbali. Leo Moshi kuna kiwanda cha Karanga cha Jeshi la Magereza na mfuko wa PSSSF, kinachotengeneza viatu vya ngozi, na kila mji una fundi anayejua kukata na kushona makubazi. Wanatengeneza wanachoagizwa, na wanawake wa rika langu hatuagizi. Tunakwenda kuchukua kilichoning'inizwa.

Basi kabla ya shughuli ijayo, mwendee fundi mapema. Simama juu ya karatasi, achore mguu wa kulia na wa kushoto, maana hailingani, na apime mguu mkubwa. Mwambie unataka soli nene, kisigino kidogo, ngozi laini ndani pasipo mshono unaokwaruza, na mwachie kipande cha kitambaa cha sare atafute rangi inayokubaliana nacho. Atakuuliza kama ni viatu vya kushindia nyumbani. Mwambie ni vya harusi, na wewe ndiye mama mzaa chema.