Kutoka Newala hadi Buni

Nimekulia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kuhangaikia na ada ya shule hutoka kwenye korosho. Nilipoanza kazi Buni, kituo cha ubunifu cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama, Dar es Salaam, nilidhani ubunifu ni kuandika programu tu. Likizo moja nikamwonyesha shangazi programu yangu ya bei za korosho. Akaniuliza, "Mwanangu, bei tunaisikia mnadani. Hela inaingia lini?" Sikuwa na jibu, ingawa mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kupitia maghala na minada, upo kwetu tangu mwaka 2007! Nikaanza upya, safari hii nikiketi naye na wenzake wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), daftari mkononi. Hapo ndipo nilipokua. Natamani Masasi na Newala wapate kituo chao cha ubunifu, jirani na maghala.