MTOTO ASIYELIA AKICHAPWA (SEHEMU YA 4)

Mama zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, juzi mmoja wenu kanitumia meseji, kaniruhusu niiandike hapa. Mwanawe wa miaka 8 kawavunja vifaranga miguu, akachapwa mpaka fimbo ikakatika, hakulia wala kuomba msamaha. Bibi yake anasema ana roho ya kichawi. "Nesi, nimpeleke kwa mganga?"

Hapana mama.

Hali hii wataalamu wanaijua: mtoto hajutii kosa, haguswi na maumivu ya mwenzake, hajali akifeli, usoni haonyeshi hisia. Tangu 2013 imo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kwa watoto wenye ukorofi uliokithiri. Lakini wanataka angalau dalili 2 kati ya hizo 4, zidumu miezi 12, tena kwa watu na mahali tofauti. Tukio moja la vifaranga halitoshi (nawahurumia lakini, jamani).

Na hapa ndipo tunapokosea. Ubaridi huo unaonekana kwenye matatizo mengi. Mwenye usonji anaweza asikutazame ukilia, kumbe inamuuma, hajui tu aonyesheje. Aliyeshuhudia baba akimpiga mama kila siku anaweza kufa ganzi. Mwenye sonona naye hukauka uso. Kwa jirani, wote hao "wana roho mbaya".

Sasa fimbo. Najua huku kwetu Mara tulivyolelewa, hata mimi nimechapwa sana. Utafiti wa 2014 uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania: asilimia 95 walishachapwa na mzazi au mlezi, na waliochapwa zaidi ndio waliokuwa wakorofi zaidi. Utafiti wenyewe hausemi kipi kilitangulia. Mimi nasema hivi: mtoto asiyeogopa adhabu, ukimwongezea adhabu unapoteza nguvu zako tu. Huyu anashikika kwa sifa na ukaribu. "Leo umempakulia mdogo wako kwanza, nimefurahi." Umtazame machoni ukisema.

Msimfiche ndani. Nendeni kituo cha afya, ombeni rufaa. Bugando pale Mwanza wana idara ya afya ya akili. Andika kwenye daftari ilianza lini, shuleni anakuwaje, na kama kuna mtu anampiga au kumgusa vibaya. Hilo la mwisho mtaulizwa, msikasirike.

Aliyeniandikia anakuja Jumatatu. Nimemwambia bibi naye aje.