Mpaka mzuri hupimwa siku ya mvua

Ukitaka kujua ubora wa kituo cha mpakani, usiende siku ya uzinduzi, viongozi wakikata utepe chini ya hema. Nenda siku ya mvua. Siku hiyo mwenye lori hujifungia ndani ya kabini akasubiri zamu yake. Mwenye tenga la nyanya kichwani, au gunia la maharage kwenye keria ya baiskeli, hana pa kujificha. Kila dakika anayosimama kwenye foleni, mali yake inashuka bei.

Nimeandika habari za mipaka yetu kwa miaka kadhaa, lakini hoja hii iliniingia vizuri nikiwa mbali na nyumbani. Oktoba 2024 nilikuwa katika safari ya baiskeli ya siku kadhaa kufuata mto Moselle. Mto huo unaanzia milima ya Vosges nchini Ufaransa, unapita kati ya Luxembourg na Ujerumani, kisha unamwaga maji yake katika mto Rhine pale Koblenz. Siku tuliyotoka Thionville, Ufaransa, kwenda Trier, Ujerumani, mvua ilianza alfajiri na haikukatika.

Njia ya baiskeli huko inaambaa na maji, tambarare, na juu yake kuna miteremko iliyojaa mizabibu. Kufika saa nne koti la mvua lilikuwa limeshindwa kazi, na viatu vilikuwa vimejaa maji. Tuliiacha Apach, kijiji cha mwisho cha Ufaransa, tukawa Perl, Ujerumani. Kilichonijulisha ni lugha ya vibao tu. Tukavuka daraja, tukawa Schengen, Luxembourg. Nchi tatu asubuhi moja, na hakuna aliyetuambia tushuke kwenye baiskeli.

Tulijikinga kwenye paa la kituo cha mafuta. Pale walikuwepo madereva wenye namba za magari za Ujerumani na Ufaransa, wamevuka kuja kujaza tangi kwa sababu mafuta ya Luxembourg ni nafuu. Walilipa, wakachukua risiti, wakarudi kwao. Hakuna aliyewaita wafanya magendo. Nikawakumbuka akina mama wa mipakani kwetu wanaovuka kufuata sukari au unga pale bei inapopungua ng'ambo, na majina wanayoitwa.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkataba wa kuondoa ukaguzi ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iliyotia nanga kwenye mto huohuo, hapohapo Schengen. Zilikuwa nchi 5 tu: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi. Ukaguzi ulikuja kuondolewa rasmi Machi 1995, karibu miaka 10 baadaye. Hata mto wenyewe umewekewa utaratibu: pale unapotenganisha Luxembourg na Ujerumani, haukugawanywa katikati. Maji ni ya nchi zote mbili kwa pamoja.

Siandiki haya ili kuisifu Ulaya. Sisi wenye pasi za Afrika tunajua jasho la kuipata viza ya kuingia huko. Tena, tarehe 16 Septemba 2024, wiki chache kabla ya safari yetu, Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, ukiwemo wa Luxembourg. Luxembourg imelalamika, kwa kuwa watu zaidi ya 200,000 huvuka kutoka nchi jirani kwenda kufanya kazi huko. Funzo ni kwamba haki ya kuvuka hailindwi na karatasi peke yake. Wanaoitumia wasipoisemea, hupunguzwa kidogo kidogo.

Sasa turudi kwetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Upo pia Utaratibu Rahisi wa Biashara: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Tunavyo vituo vya pamoja, kama Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo, ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa pamoja ili msafiri asimame mara moja badala ya mbili.

Hatua hizo ni kubwa. Lakini vituo vingi vilichorwa lori likiwa kichwani mwa mchoraji. Ajabu ni kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na waendesha baiskeli wa Busia, waliobeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Baiskeli ndiyo iliyoujenga mpaka ule, na mpaka bado unamhesabu mwenye baiskeli kama mpita njia.

Maofisa watasema ukaguzi ni lazima, kwa sababu ya silaha, dawa bandia na magonjwa ya mifugo. Ni kweli. Hakuna anayeomba mpaka usio na macho. Tunachoomba ni ukaguzi wa haraka, chini ya paa. Mfanyabiashara mdogo akichoka kulowa, atatafuta njia ya panya, na siku ya mvua njia ya panya mara nyingi hupita kwenye mto uliofurika. Hapo anayepotea anaweza kuwa mtu, wala si gunia la unga tu.

Kwa hiyo, mambo matatu. Kwanza, kila kituo kiwe na njia iliyoezekwa ya watembea kwa miguu na baiskeli, kuanzia foleni hadi mlango wa kutokea, na dirisha lao wenyewe. Pili, bidhaa zinazooza, kama samaki, maziwa, ndizi na nyanya, zitangulie kuhudumiwa. Tatu, orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pande zote mbili, pamoja na tozo nyingine zinazobaki, ili mtu ajue anachodaiwa kabla ya kuulizwa.

Nanyi wafanyabiashara mna sehemu yenu. Ombeni cheti hata kama mzigo ni mdogo. Daini risiti kwa kila shilingi au faranga mnayotoa. Mkutanapo katika vyama vyenu, andikeni saa mliyofika mpakani na saa mliyotoka, hasa siku za mvua. Mwenye tarehe na saa mkononi ni vigumu kuambiwa kwamba analalamika ovyo. Mvua za vuli na za masika huja kila mwaka, na gharama ya kuezeka njia ni ndogo kuliko hasara ya nyanya zinazoozea kwenye foleni.