Mpira Laini Utangulie, Kiwanja Kifuate

Mpira wa kawaida wa tenisi ukiangushwa kwenye sakafu ngumu kutoka kimo cha sentimita 254, kanuni zinautaka udunde na kupanda sentimita 135 au zaidi. Mtoto wa miaka 7 ana kimo cha sentimita 120 hivi. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini watoto wengi huujaribu mchezo huu siku mbili tatu, kisha wakauacha. Mpira unawapita juu ya kichwa, wavu unakaribia mabega yao, na kiwanja chenye urefu wa mita 23.77 kinawachosha kabla hawajapiga pigo moja la maana. Mzazi husema mtoto hana kipaji, ilhali mtoto amepewa mchezo uliopimwa kwa mwili wa mtu mzima.

Wenye mchezo wenyewe wamekwisha kulitambua kosa hilo. Tangu mwaka 2012, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini ya hapo yachezwe kwa mipira iliyopunguzwa kasi. Ulio mwepesi kuliko yote ni mwekundu, na kasi yake ni pungufu kwa takribani asilimia 75. Huchezwa katika kiwanja chenye urefu wa mita 11 hivi, kwa wavu wa sentimita 80 na raketi fupi. Mpira huo hudunda hadi kifuani au kiunoni, hivyo mtoto haulazimiki kuufuata kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega kila mara. Jambo hilo si dogo kwa mwili ambao ncha za mifupa yake bado ni laini na zinaendelea kukua.

Mifupa ndiyo hoja ambayo wahudumu wa afya wangepaswa kuisema kwa sauti zaidi. Utafiti uliofanywa nchini Finland na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha mikono ya wanawake wachezaji wa tenisi na skwoshi. Mkono unaoshika raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwenzake, na kwa walioanza kabla ya kuvunja ungo au wakati huo, tofauti hiyo ilikuwa mara mbili hadi nne ya ile ya walioanza ukubwani. Ni kweli kwamba hao hawakuwa wakicheza kwa mpira laini, na haifai kuuahidi mpira huo makubwa. Kazi yake ni kumfanya msichana wa miaka 8 apende kubaki mchezoni mpaka umri huo umkute bado anacheza.

Shule nyingi za msingi nchini Tanzania zitajibu kwamba hazina kiwanja, na kwamba tenisi ni mchezo wa klabu za wenye nacho. Wajapani walikabiliwa na ugumu unaofanana na huo mwishoni mwa karne ya 19. Mipira ya kuagiza ng'ambo ilikuwa ghali, wakatumia ya raba, laini na nyepesi. Mchezo uliozaliwa hapo umo katika Michezo ya Asia tangu mwaka 1994, na hakuna anayeuita tenisi ya maskini. Tena watoto waliojifunza kandanda kwa chandimu, kwa mpira wa matambara na nailoni, hawakungoja nyasi za uwanja wa taifa.

Wapo watakaosema kandanda inatosha. Kwa wavulana, pengine. Lakini katika viwanja vingi vya shule kandanda hukamata eneo zima, na wasichana husogezwa pembeni kutazama. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na ushauri huo hauwabagui wanaotazama. Mita 11 za ardhi iliyoshindiliwa nyuma ya madarasa, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, vibao vilivyochongwa na fundi seremala wa mtaani na mipira michache ya sponji: hayo yanatosha kuanzia muhula ujao, na walimu wa michezo hawahitaji kibali cha klabu yoyote kuyafanya.