Picha ya likizo yako imekata nini?

Likizo ya Desemba ikiingia, status za WhatsApp hugeuka albamu ya taifa zima. Huyu ameegemea ukuta wa Fort Jesus, yule yuko Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na yule mwingine amesimama juu ya jiwe pale Fourteen Falls, maji yakimwagika nyuma yake kama pazia. Unalaiki, unauliza nauli ni ngapi, na wewe unaanza kupanga safari yako.

Poa kabisa. Vijana wengi wameyajua magofu ya Gede kupitia picha ya rafiki kabla ya kusikia kwamba mwaka 2024 yaliingia kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Picha huvuta watu, na watu huleta pesa.

Lakini hebu tuitazame vizuri ile ya Fourteen Falls. Maporomoko hayo yako karibu na Thika, kwenye Mto Athi. Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, ambao nao umeshapokea ya Ngong na Mathare. Kwa hivyo uchafu unaomwagwa Gikomba, Korogocho na eneo la viwanda una njia ya moja kwa moja hadi pale unapoposia. Ukifika utaziona chupa za plastiki zimekwama kwenye mawe, na povu ambalo si la sabuni yako. Ila picha haina pua. Unasogeza simu kidogo kulia, unakata kona yenye takataka, unaweka filta, na maji ya kahawia yanakuwa ya buluu kama ya Diani.

Na mto hauishii hapo. Huteremka hadi Tsavo Mashariki, ukikutana na Mto Tsavo unaanza kuitwa Galana, unapita Lugard Falls (pazuri mno, hata mimi siwezi kukulaumu ukijaza simu), kisha unaitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Ni mto mmoja wenye majina matatu. Rafiki yako anaweza kuposti likizo tatu tofauti asijue kwamba kapiga picha maji yaleyale.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za wanyama, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Kwa hivyo langoni Tsavo unaambiwa uache chupa yako ya maji. Sawa, sheria ni sheria. Lakini mto haupekuliwi langoni. Huko Malindi nako, mvua zikinyesha bara, bahari hubadilika rangi ikawa ya udongo, na udongo huo ni shamba la mtu wa juu. Matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hayapendi tope hata kidogo.

Sasa utaniambia, kwani unataka tuposti takataka? Vijana wa pale Fourteen Falls hupata riziki kwa kuvusha wageni kwa mashua, na wengine huruka kutoka juu ya miamba ili walipwe. Jina la mahali likiharibika, sahani itakayobaki tupu ni yao, si ya mwenye kiwanda anayefungulia bomba usiku. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana sipendi zile video za kuchekelea uchafu kana kwamba wenyeji ndio walioutupa. Ukiuonyesha, sema pia umetoka wapi.

Kwa sababu picha kama hiyo ina kazi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa, na huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Tena mwaka 2025 Serikali ilizindua mpango wa kusafisha mito ya Nairobi, na vijana ndio walioshikishwa majembe na mifuko ya taka. Je, kazi hiyo inaonekana huko chini? Viongozi watatoa hotuba, lakini picha mbili za jiwe moja, ya Desemba hii na ya Desemba ijayo, ni vigumu kubishana nazo.

Kuna jambo moja la simu ambalo wengi hawalijui. Picha ya awali, ile iliyo kwenye kamera yako, hubeba tarehe na saa, na ukiwa umewasha huduma ya mahali, hubeba hata mahali ilipopigwa. Ukiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, taarifa hizo huondolewa. Aliyeipokea ana mandhari tu. Kwa hivyo posti ile nzuri ukitaka, lakini ile nzima, yenye chupa na povu, usiifute hata simu ikilia kwamba imejaa.