"Kama nilivyopokea" si jina la mwandishi

Kuna maneno mawili niliyoyachoka kuliko yote yanayozunguka kwenye simu zetu: "kama nilivyopokea". Unayakuta chini ya makala ndefu iliyotua kwenye kundi la WhatsApp saa mbili usiku, makala ya aya 15, yenye hoja, yenye mifano, yenye hata utani uliopangwa mahali pake. Kuna mtu alikaa akaiandika. Alitafuta watu wa kuzungumza nao, akafuta, akaanza upya, mhariri akamrudishia mara mbili. Halafu makala inafika kwetu haina jina, haina gazeti, haina tarehe. Ina maneno hayo mawili tu, na chini yake ile alama ya mikono miwili inayoshukuru. Inamshukuru nani, sijui.

Niseme mapema ili tusigombane bure: mimi si adui wa kusambaza maandishi. Ninaishi kwa kusomwa. Hoja yangu ni moja. Kubandika makala nzima ya mtu bila ruhusa yake ni kumchukulia kitu chake, na kuibandika bila jina lake ni kumchukulia mara mbili. Na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi ndio tunaopaswa kuona aibu zaidi, kwa sababu tunajua jasho linalotoka kabla sentensi moja haijasimama.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi ulipo. Watu wanaamini kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni bure basi ni cha wote. Wengine wanatafuta ile herufi c ndani ya duara. Wasipoiona wanajiona wako salama. Mambo hayako hivyo. Mkataba wa Berne, ulioanza mwaka 1886, na ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema haki ya mwandishi haitegemei usajili wala alama yoyote. Ukishaandika, ni yako. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, na Kenya ina ya mwaka 2001.

Sheria hizi si ukuta. Ya Bara inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, kwa kiasi kinacholingana na lengo la kunukuu, mradi utaje chanzo na jina la mwandishi. Ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, mapitio au kuripoti matukio, nayo inataka chanzo kitajwe. Habari zenyewe za siku hazina mwenyewe: ajali imetokea wapi, bunge limepitisha nini, nani ameshinda tuzo. Ukweli haumilikiwi na mtu. Kinachomilikiwa ni namna mtu alivyousimulia. Na hata pale ambapo Mkataba wa Berne unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu magazeti na redio kurudia makala za mambo ya siku, chanzo lazima kitajwe waziwazi. Mahali popote utakapogeuka katika sheria hizi utakutana na sharti hilo la kutaja. "Kama nilivyopokea" halitimizi sharti hilo hata kidogo.

Kwa wenzetu Marekani jambo hili limeshafika mahakamani. Mwaka 1998 magazeti ya Los Angeles Times na Washington Post yaliishtaki Free Republic, tovuti ambayo wanachama wake walikuwa wakibandika makala nzima za magazeti ili wazijadili. Utetezi ulikuwa ule ule tunaousikia hapa: sisi tunajadili tu, hatuuzi. Mahakama huko California iliukataa. Kujadili kunawezekana kwa kunukuu sehemu na kumwelekeza msomaji kwenye chanzo. Si lazima umwage makala yote.

Lakini sheria nayo ikiangukia mikononi mwa wenye tamaa inaumiza watu. Mwaka 2010 huko Las Vegas ilianzishwa kampuni iitwayo Righthaven. Kazi yake ilikuwa kuwashtaki watu waliobandika makala za magazeti, na ilifungua zaidi ya kesi 200, mara nyingi bila hata kumwomba mtu kwanza aiondoe makala. Mwaka uliofuata majaji walibaini kwamba kampuni hiyo haikuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakimiliki kwa kweli ilikuwa imebaki kwa wenye gazeti. Ikaanguka. Sitaki Righthaven yetu ije Dar es Salaam au Nairobi kumkamua mwalimu wa sekondari aliyewatumia wanafunzi wake insha nzuri. Ndiyo maana nasema jambo hili, kabla halijafika kwa hakimu, ni suala la adabu. Na adabu tunayo sisi wenyewe, hatuhitaji kuiagiza.

Nasema hivyo kwa sababu kila nikiyazungumza haya kuna mtu ananijibu: "Hayo ya hakimiliki ni ya Wazungu. Sisi ni watu wa simulizi. Hadithi ni za wote." Hebu tulitazame jibu hilo vizuri. Ngano za bibi zetu kweli hazina mwandishi anayejulikana, na hakuna anayedai. Lakini utenzi je? Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuuacha hivi hivi. Karibu na mwisho alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akaweka na tarehe ya Hijria. Utenzi ule ulinakiliwa kwa mkono, wote, mara nyingi, na watu ambao hawakumjua. Jina lilikwenda nao. Alijua kwamba maandishi yanasafiri, akahakikisha hayasafiri yatima.

Na Muyaka bin Haji wa Mombasa je? Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu. Alifariki mwaka 1840, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Miongo kadhaa ya mdomo kwa mdomo, hakuna karatasi, hakuna simu, hakuna intaneti, na bado watu walijua lipi ni la Muyaka. Sisi tuna mashine mfukoni inayoweza kubeba jina la mtu bila uzito wowote, na tunalipoteza katika siku mbili. Halafu tunasema ni utamaduni. Utamaduni wa nani?

Labda mtu atauliza, kwani jina likipotea ni nani anaumia? Mwaka jana niliandika mapitio ya riwaya moja. Wiki mbili baadaye shangazi yangu wa Tanga akanitumia ujumbe: "Mwanangu, soma hii. Na wewe ungejifunza kuandika hivi." Yalikuwa mapitio yangu, neno kwa neno, isipokuwa mambo mawili. Jina langu halikuwepo. Na pale nilipoandika kwamba mwandishi hakuiga, neno lilikuwa limegeuka kuwa "aliiga". Sijui ni kidole cha nani kilichoteleza, au kama kiliteleza kweli. Nilipomweleza shangazi alicheka, kisha akasema, "Sasa mimi ningejuaje, mwanangu?"

Na kweli, angejuaje? Hakukuwa na kiungo cha kumrudisha kwenye maandishi ya kwanza. Nilijaribu kufuatilia nikakwama mtu wa nne; kila mmoja aliipokea kwa mwingine. Mwenye riwaya naye iliwahi kumfikia. Tulipokutana aliniambia kwamba tuhuma yenyewe haikumuuma sana kama kukosa mtu wa kumjibu. Amesingiziwa wizi na karatasi isiyo na mwenyewe. Jina chini ya makala ni pambo la mwandishi, sawa, lakini pia ni anwani. Ni mahali pa kupeleka pongezi, malalamiko na masahihisho. Mhariri akigundua kosa atalirekebisha kwenye chanzo; nakala 500 zilizotapakaa zitaendelea kudanganya mpaka mwisho wa dunia.

Sasa kuna wanaosema, "Basi tutaacha jina, lakini makala tunaibandika yote. Si tunakutangaza?" Nashukuru kwa jina. Lakini fikiria kinachofuata. Msomaji anamaliza kila kitu hapo hapo kwenye kundi. Hafiki kwenye gazeti wala jarida. Mhariri anapoangalia makala ipi imesomwa, yako inaonekana imesomwa na watu wachache, na mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa makala moja moja ndiye wa kwanza kuambiwa, "Safari hii hatuna nafasi." Watu wamekusoma, wamekusifu, na umekosa kazi. Sifa za kwenye kundi usilolijua hazilipi kodi ya nyumba.

Hoja nzito kuliko zote ni ya bando, na wanaoidharau ni wale wenye Wi-Fi ya ofisi. Wapo wasomaji wanaonunua bando la WhatsApp peke yake kwa sababu ndilo wanalolimudu. Ukiwatumia kiungo umewatumia mlango uliofungwa. Ninalielewa hilo, na sitaki fasihi ibaki ya wenye fedha. Lakini dawa yake ipo na haigharimu kitu: muulize mwandishi. Ujumbe mmoja unatosha. "Habari. Tuna kundi la wasomaji 80, wengi hawawezi kufungua kiungo. Tunaomba kuibandika makala yako yote, na jina lako." Mimi ningekubali kabla chai haijapoa, na waandishi wengi ninaowajua wangekubali. Asipokubali, mpe haki yake ya kukataa. Fanya muhtasari kwa maneno yako. Ajabu ni kwamba mtu ana muda wa kunakili, kubandika na kutuma kwenye makundi 12, lakini hana dakika moja ya kuomba.

Wengine wanasema viungo vinakufa. Ni kweli. Magazeti yanabadilisha tovuti, majarida yanafungwa, na makala nzuri zinapotea kabisa. Basi hifadhi. Sheria inakuruhusu kuwa na nakala ya kusoma mwenyewe, na nakusihi uwe nayo, kamili, na jina la mwandishi, chombo kilichochapisha na tarehe. Kuhifadhi na kusambaza ni mambo mawili. Tena hiyo nakala ya "kama nilivyopokea" haijahifadhi chochote. Mtafiti wa miaka 20 ijayo ataifanyia nini? Hatajua iliandikwa lini, ikijibu nini, na nani.

Na kwa kuwa tuko nyumbani hapa, niguse na lile linalotuhusu zaidi. Kwenye makundi yale yale ya kusifu vitabu, hazipiti siku tatu bila mtu kuuliza, "Nani ana PDF ya riwaya fulani?" Na dakika hiyo hiyo inatupwa: kurasa zilizopigwa picha, dole gumba la mpigaji linaonekana pembeni. Kisha watu wale wale wanalalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya mpya, kwamba wachapishaji wanakimbilia vitabu vya shule. Jamani! Mchapishaji anaona nakala chache zilizonunuliwa. Dole gumba halihesabiki popote. Kama kitabu hakipatikani tena madukani, mtafute mwandishi au familia yake, muulize mchapishaji kama atakirudisha. Watu 80 wanaouliza pamoja ni soko. Watu 80 wanaogawana picha ni hasara isiyo na rekodi.

Sidai mambo makubwa. Ukipenda makala, nukuu aya moja au mbili zilizokugusa. Taja mwandishi na mahali ilipochapishwa, weka kiungo, kisha useme kwa maneno yako kwa nini tuisome. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani zaidi, maana anayebandika makala nzima kimya kimya hajasema kitu. Hatujui kama ameisoma. Usipunguze, usiongeze, usibadilishe kichwa cha habari kiwe cha kutisha. Ukitaka kuitafsiri, omba. Ukiombwa kuondoa, ondoa bila matusi. Na wewe admini wa kundi, uliyeweka kanuni ya kukataza picha za usiku mwema, ongeza kanuni moja: makala isiyo na jina haikai hapa.

Na ukikutana tena na "kama nilivyopokea", usikimbilie kuweka moyo. Chukua sentensi moja katikati ya makala, itafute mtandaoni. Mara nyingi mwenyewe anajitokeza papo hapo. Asipojitokeza, uliza kwa upole, mbele ya wote: "Ulipokea kwa nani?" Kisha umuulize na huyo. Ukilipata jina, lirudishe kundini, uliandike chini ya makala, pale pale palipokuwa na yale maneno mawili.