Hasira si Kipaji

Imeenea dhana miongoni mwa vijana wetu wenye vipaji, nayo inatia uchungu. Wanaamini kwamba msanii wa kweli sharti awe mkali, mgomvi, asiyeambilika. Mtunzi akisahihishwa vina, ananuna wiki nzima; mchoraji akiambiwa rangi zake zinagombana, anachana kazi yake mbele za watu. Nasi mashabiki, badala ya kumkanya, twasema, "Mwacheni, wenye vipaji ndivyo walivyo." Tangu lini? Dini zetu zote zamsifu mwenye kuizuia ghadhabu yake. Wahenga nao walisema hasira hasara, na kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, wala hawakumtoa msanii katika maneno hayo.

Atatokea mbishi aseme kwamba tungo nzito huzaliwa na uchungu, na kwamba moyo uliopoa hautungi kitu. Kweli, wala hatutaki watu wasiokasirika. Lakini na tumtazame mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijitabu kilichohoji nchi inakwenda wapi. Nani alikuwa na haki ya kughadhibika kuliko yeye? Hata hivyo, gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na tungo hizo zikachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Aliyetekwa na ghadhabu hahesabu mizani, wala hatafuti vina ubeti baada ya ubeti. Uchungu ulimpa la kusema. Kujitawala kukampa namna ya kulisema. Mwimbaji Siti binti Saad naye alikejeliwa kwa unyonge wa asili yake na kwa sura yake, akajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na leo jina lake lingalipo, majina ya waliomkejeli hayatajwi.

Wataalamu wa saikolojia wanaozipanga tabia za watu katika mafungu matano wanaona kuwa inayoambatana zaidi na ubunifu ni uwazi wa fikra, yaani hamu ya kujua na utayari wa kupokea jambo geni. Basi anayefoka kila akikosolewa anajinyima kilekile anachojisifia. Tena kujitawala si kuufukia uchungu kifuani. Ni kulitazama jambo lililokuudhi kwa jicho jingine mpaka likupe maana mpya, na kazi ya mbunifu ni ipi kama si hiyo? Wengine hujitetea kwamba wamezaliwa hivyo. Lakini hata vina hakuna aliyezaliwa navyo; hujifunzwa.

Na hapa siwezi kuwanyamazia wazazi na walimu. Mtoto akiuliza, mwamwita mjuaji. Akilia, mwamwonyesha fimbo. Kisha mwashangaa amekua hajui kudadisi wala kutulia! Kuuliza si ujinga, na samaki hukunjwa angali mbichi. Mkimzomea leo, mwamlaumu nani kesho?

Vijana, ninyi ni fahari ya lugha hii, na vipaji mnavyo tele. Ukikosolewa, usijibu siku hiyo. Subiri moyo utulie, uisome kazi yako upya kana kwamba ni ya mwenzako. Mkosoaji akiwa amesema kweli, rekebisha na umshukuru. Akiwa amekosea, mjibu kwa kazi iliyo bora zaidi.